Kiraka cha Akina Liu

Nilizaliwa mwepesi kuliko kabichi.
Bibi akatwaa kikapu, akabisha
kila mlango wa Majiagou, hata ng'ambo ya korongo:
nipeni kiraka, mjukuu wangu aishi.
Wakampa pindo la shuka, ulimi wa kiatu,
mfuko wa koti la jeshi wenye makombo ya tumbaku.
Nyumba mia, viraka mia, joho moja la mtoto.
(Mia ni hesabu ya bibi. Mimi nimepata themanini na tatu.)

Kwa akina Liu alikwenda mara tatu.
Kwanza, mbwa.
Pili, Liu mwenyewe na deni letu la ngano.
Tatu, mkewe alitoka na mkasi, asiseme neno,
akakata ukosi wa shati la mumewe
palepale kambani, lingali likichuruzika.
Bibi hakufuata shati. Alifuata jina:
kwetu Liu ni ukoo, na liu ni baki.
Akaushona ukosi penye moyo, uzi mwekundu, maradufu.
Nikabaki.

Sasa niko Dundee, nasomea madaraja.
Kusoma ugenini, kwa lugha yetu, ni liuxue:
baki, usome. Liu ileile sikioni.
Nilipomtajia neno hilo bibi alinyamaza
hata nikadhani mtandao umekatika.
"Basi nilikosea mimi," akasema.
"Nilishona ubaki. Sikushona wapi."

Februari, Yenny wa chumba cha kumi na mbili,
aliyetoka Oruro na mimba changa,
akajifungua mtoto wa kujaa kiganja.
Nikatwaa mfuko wa plastiki, nikabisha korido nzima.
Thanasis akatoa soksi (safi, aliapa),
Ilze kitambaa cha kufutia sahani,
mlinzi ncha ya pazia, tusimtaje.
Jirani wa mwisho akafungua, akatazama, akafunga.
Viraka kumi na tisa. Mtu wa Liu hakuna.

Usiku nikafungua sanduku.
Joho langu leo lanienea mkono mmoja, nao hadi kiwiko.
Nikafumua penye moyo.
Ukosi ungali na mstari wa jasho
la mtu aliyetudai ngano.
Nikaukata katikati: nusu yangu, nusu ya mtoto.

"Uzi ni mwekundu?" bibi akauliza.
Nilikuwa na wa buluu tu, wa kushonea jinzi.
"Ni maradufu," nikasema.