Mkono wa Pili

Lubowa amepanga lenzi tatu juu ya kioo cha kaunta
kama daktari anayepanga vyombo vyake,
na nje, Barabara ya Wilson inapiga honi bila sababu.

"Hii ya hamsini," anasema, "ina macho ya bundi.
Harusi zako za usiku kule Bombo, hata umeme ukikatika,
bibi harusi ataonekana kope moja moja.
Ila haivuti. Ukitaka kumkaribia mtu, tembea."

"Hii ndefu, ukiwa Kololo
utasoma gazeti la mtu aliyeketi Nakasero."
Anacheka peke yake. Naipima mkononi:
nzito kama pasi ya mkaa.

Ya tatu haisifii. Anaisukuma kwa kidole.
Kumi na nane hadi mia na arobaini,
plastiki nyingi, kioo cha wastani, mtumba,
pete yake ya mpira imesuguliwa na vidole vya mtu nisiyemjua.
"Hiyo ya watalii. Inajua kila kitu nusunusu."

Nanyamaza.
Mimi pia najua kila kitu nusunusu:
nimeziba pancha, nimechora vibao vya maduka,
nimefundisha darasa la tatu muhula mmoja,
na habuba, bibi yangu, alinikata maneno kwa methali ileile,
mshika mawili, moja humponyoka,
akiitazama mikono yangu badala ya uso.

Jumamosi ni bustani ya michezo, njia ya Entebbe,
mimi na Mastura, mtoto wa marehemu dada yangu,
miaka sita,
ambaye tangu Ramadhani anahesabu siku
kwa kokoto ndani ya kopo la maziwa.

Napiga hesabu, na si ya shilingi.
Gurudumu kubwa litampandisha juu ya mabati ya mji
mpaka awe punje ya mtama: hapo nitaitaka ndefu.
Atashuka, atanirukia pua kwa pua,
pengo la meno mawili likinuka bisi: hapo nitaitaka pana.
Kisha treni ya watoto, kisha yale maji yanayoteremka na mayowe,
kisha foleni, jua, mkojo wa ghafla.
Na kubadilisha lenzi
ni kifuniko mdomoni, begi katikati ya magoti,
kamera wazi kama kidonda mbele ya vumbi.
Ni mikono miwili.
Hapo Mastura kashikwa na nani?

"Nifungie hii," nasema.
Laki sita taslimu, laki tatu
baada ya harusi ya akina Farajallah.
Lubowa anaandika deni bila kuniangalia.

Nilimpata angani, kadogo, mkono nje ya kiti
(nilipiga ukelele kwanza, picha baadaye).
Nilimpata chini, pengo na bisi,
kwa kuibana kamera kifuani na kuzungusha pete.
Kwenye treni nilimkosa: lenzi ikasita, ikatafuta,
ikaleta kisogo cha mtoto wa watu.

Na saa moja jioni walipowasha taa zote
Mastura akasimama chini yake, mdomo wazi,
kimya kwa mara ya kwanza tangu alfajiri,
nami nikabonyeza, na lenzi ikaona ukungu.
Ile ya hamsini ingempata. Najua.
Au mkono wa pili ungeituliza kamera.

Picha hiyo sikuifuta.
Ukiitazama kwa subira utaona doa la njano, ndilo gauni,
na kutoka kwenye doa, mstari wa kahawia
unaokuja pembeni, upande wangu,
ukakatika pale picha inapoishia.
Ndio mkono wake.
Wa pili hauonekani, ni wangu, umeushika.
Habuba, hakuniponyoka.