Tarehe ya Leo

Ukiiwasha asubuhi inadhani ni Januari mosi
mwaka elfu moja mia tisa na themanini.
Si kosa lake. Betri ya saa, ile ndogo kama kifungo cha koti,
ilikufa kabla sijamaliza ufundi Kaimosi,
na tangu hapo kila usiku kwake ni usahaulifu mzima.
Shilingi mia na ishirini tu. Kila nikigusia,
Rozalia Anyanzwa husema, mwezi ujao.

Huingia na thamosi ya chai,
huiondolea kitambaa alichokitarizi maua,
hubonyeza kitufe, huisubiri ingurume,
kisha huiandikia kwa kidole kimoja:
siku, mwezi, mwaka.
"Huyu kumsalimu hakutoshi," huniambia.
"Huyu lazima umwambie leo ni leo."

Mfumo wake hauna madirisha wala kipanya.
Weusi, herufi za kijani, na kijistari kinachokonyeza.
Watu wa kaunti huiita tarakilishi wakiandika ripoti,
huiita takataka wakishuka garini.
Mwaka juzi walileta nyingine, nyembamba kama sinia,
ikataka mtandao ndipo ikubali kuamka,
na mtandao katika zahanati hii
hupatikana juu ya jiwe la pili nyuma ya choo,
ukisimama umeelekea Maseno.
Sinia imo kabatini.
Kadi za chanjo anaandika huyu mzee.

Mimi huitwa akigoma.
Nachukua boda kutoka Luanda sokoni
na bisibisi, brashi ya rangi ya inchi moja,
na kifutio cha shule: ukisugua nacho
meno ya kadi ya kumbukumbu mpaka yang'ae,
nusu ya maradhi yamekwisha.
Aprili nilitoa kumbikumbi ndani ya feni,
kiganja kizima; walifuata mwanga usiku wa zamu.
Rozalia akauliza kama wameungua au wamekaangika.
Tulicheka. Hatukuwala.
Mmoja tu.

Spea nazitoa kwa wafu.
Kibodi ni ya shule iliyofungwa huko Emuhaya,
herufi A imefutika kwa kuguswa.
Diski ilitoka kwa mkopeshaji mmoja wa Kisumu,
ikaja na majina ya wadeni wake, kurasa kwa kurasa,
nami nikawasamehe wote kwa kubonyeza mara moja.

Halafu Juni, stima ikapotea mara mbili alasiri moja,
radi ikipiga hodi kwenye mawe ya Bunyore.
Rozalia alikuwa matangani.
Aliyeketi pale ni kijana wa mafunzo, mwenye haraka.
Stima iliporudi, aliiwasha, akaendelea na kazi.
Hakumwambia.

Wiki mbili baadaye akaja Barnaba Otiato,
kadi kaishika kwa ncha za vidole kama kiazi cha moto.
"Binti yangu amezaliwa Januari mosi, themanini.
Mimi ni wa themanini na saba.
Sasa nimwiteje? Shangazi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko,
hata yule aliyekuwa akitetemeka kwa malaria.
Printa ya sindano ikakereza kama cherehani,
ikamvua mtoto miaka yote aliyovishwa bure,
akarudi kuwa wa siku kumi na nne,
amelala, mdomo wazi, hana habari.

Jioni hiyo niliweka betri mpya.
Rozalia alinishikia tochi.
Hakusema mwezi ujao. Hakusema asante.

Kesho yake nilipita kuhakikisha.
Kitambaa kilikuwa kimekunjwa, chai inapoa,
na tarehe ipo pale juu, ya kijani, sahihi,
haikuhitaji mtu.
"Anajua," akaniambia, bila kugeuka.
Kisha akavuta kiti karibu,
na kidole kile kimoja kikaandika tena, polepole,
siku,
mwezi,
mwaka.