Chini ya Rangi ya Tatu

Ililetwa juu ya fuso la viazi kutoka Isyonje,
imefungwa kwa kamba ya katani kama ng'ombe wa mahari:
Datsun ya milango miwili, pua ndefu, macho yameng'olewa,
na ndani ya buti kuku amelalia mayai saba.

Fundi Anyosisye akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.
Akainama, akaigonga sakafu kwa bisibisi.
Bisibisi ikapita, ikatokea upande wa pili.
"Hili si gari," akasema. "Hili ni chujio la pombe."
Mwalimu Lugano akacheka kama mtu anayecheka msibani.

Ilikuwa Juni. Mwanjelwa asubuhi maji ya ndoo yanauma,
spana zinang'ang'ania ngozi ya vidole,
na Loleza hajifunui uso mpaka saa nne.

Mimi kazi yangu msasa.
Wenzangu wanasikiliza injini, mimi nasikiliza bati:
bati zima linaimba,
bati lililozibwazibwa linakohoa.
Rangi ya juu nyeupe, ya brashi, ya haraka haraka,
ya miaka lilipokuwa likibeba maziwa.
Chini yake buluu. (Mwalimu aliikumbuka:
mwaka huo baba yake alipata debe zima kwa mkopo,
akapaka mlango, dirisha, choo, na gari.)
Chini ya buluu, chungwa,
chungwa la ndani ya papai la Kyela,
na katikati ya chungwa, mkunjo mweusi.

Nikapunguza mkono.
Nikachukua msasa namba elfu, nikatia maji.
Ikatoka mbili.
Ikatoka saba, imeinama kidogo,
kana kwamba aliyeiandika alikuwa akiitwa.

Mwalimu, aliyekuja akitaka zambarau,
rimu za kung'aa na bomba la kuamsha mtaa,
akakaa juu ya tairi kipara.
"Alifika wa mwisho," akasema.
"Siku tatu za matope. Kitonga alipanda usiku na taa moja.
Wenzake walishaoga, wakala, wakalala,
mahema yalishang'olewa.
Mama alimpokea kwa tochi."
Akanyamaza. Halafu: "Lakini alifika."

Zambarau ikafia hapo.

Ila usidhani tuliirudisha kama ilivyozaliwa.
Nani ana vipuri vyake?
Rejeta ilitoka Tunduma, ya gari la ukoo mwingine,
ikakatwa, ikachomelewa, ikazoea.
Viti ni vya Noah iliyopinduka Inyala.
Taa za nyuma, trekta.
Usukani kaushona fundi viatu wa Kabwe, kwa uzi wa mpira wa miguu.
Vitasa tulimimina wenyewe kwenye mchanga:
pistoni mbovu tatu, na sufuria ya mama Tusajigwe iliyotoboka kitako.
Ukishika mlango ule umeshika ugali wa miaka ishirini.
Na mtu akiuliza kipi humo ni cha asili,
Anyosisye hajibu, anaonyesha kwa kidevu
ile saba iliyoinama.

Chungwa nililichanganya mara tisa.
Mara ya tisa nikanunua papai, nikalipasua juu ya boneti,
nikalinganisha, kisha tukalila.
Nikapuliza gari zima,
ila mraba wa namba nikauacha na mikwaruzo yake,
vanishi tu, kama mtu anavyofunika chakula cha aliyechelewa.

Septemba likawaka.
Lilitema nyasi, majivu, na nusu ya kiota cha panya,
kisha likatulia kwenye sauti moja nzito.
Mwalimu akakamata njia ya Uyole.
Tulisikia gia ya pili, ya tatu,
halafu hatukusikia kitu,
na Anyosisye akaanza kufuta spana ambazo zilikuwa safi.

Liliporudi, jua limeegemea Mbalizi,
yule kuku alitoka chini ya meza na vifaranga vyake sita.
Akalizunguka gari mara mbili, kama fundi.
Akasimama nyuma, akalitazama buti jipya,
akalia kama mwenye nyumba aliyekuta kufuli ngeni.

Mwalimu akazima injini.
Akashuka, akamfungulia.