Daftari la Jalada la Kijani

Wewe nisiyekujua jina,
daftari hili sasa ni lako.
Usilitupe kwa kuwa linanuka kahawa;
kahawa ni ya Ovidia, aliyelianza
mwaka ule lifti ya Kemia ilipolala miezi saba
na mkuu wa kitivo akasema: subira.

Valparaíso ni mji wa watu wenye magoti mazima.
Vilima arobaini na ushee,
kila kilima kimevaa ngazi shingoni,
mbwa wamelala ngazi ya tano, wanafunzi wanawaruka.
Mpanda ngazi hushuka, ndivyo isemwavyo.
Vyema. Na sisi ambao hatukupanda,
tushuke kutoka wapi?

Kila Machi, chuo kikifunguliwa,
fomu ya ruzuku itakuuliza kama ulemavu wako bado upo.
Jaza. Usicheke mbele ya karani,
cheka ukishafika nje.
Mwaka wa pili mimi niliandika:
"Miguu haijachipua. Ikichipua nitawajulisha."
Fedha zikachelewa wiki sita.
Wiki sita nilikula mkate wa Maitén,
asiyeona, lakini alijua
kwa mlio wa mkoba wangu tu
kwamba ndani hamna kitu.

Maitén ndiye aliyetoboa ukurasa wa kumi na moja.
Pitisha kidole hata kama hujui nukta nundu.
Zinasema: chini ya maktaba, mlango wa kijivu,
yuko bwana Quilodrán na mashine yake
inayovimbisha michoro.
Mpelekee ramani, grafu, hata picha ya seli,
atakurudishia karatasi yenye mabonde.
Ijumaa usiende.
Ijumaa humpeleka mama yake kliniki.

Mbele kidogo ni mwandiko wa Isauro,
asiyesikia, asiyependa kupotezewa muda:
"Mkalimani huombwa siku kumi kabla.
Wakikwambia utasoma midomo, kataa.
Profesa ana masharubu."

Mimi nakuachia hili moja.
Mwezi wa Juni, mvua inapiga kutoka bandarini,
somo la Mikondo ya Bahari likahamishiwa ghorofa ya tatu.
Vijana wanne wenye nia safi wakakunja mikono ya mashati:
"Tutakubeba, Nayaret."
Nikaitazama mikono yao. Nikazitazama ngazi, zimelowa.
Nikasema hapana.
Si kiburi.
Gunia likishabebwa leo,
kesho nani atakumbuka kujenga njia?
Nikabaki chini, daftari hili mapajani,
nikafungua pale Ovidia alipobandika kifungu cha sheria
kwa gundi iliyokauka njano,
nikaandika barua, nakala tatu,
mkono unatetemeka kwa baridi,
na kwa hasira pia, ya nini nikufiche.

Siku tisa.
Siku ya kumi darasa likashuka.
Profesa alinung'unika hadi Agosti:
chumba kidogo, chumba kinanuka dawa,
samaki wa kwenye chupa wanamkodolea macho.
Walitukodolea sote.
Nilifaulu. Kati ya wale wanne, wawili walirudia mtihani,
na mmoja alikuja kuniomba nakala za somo.
Nilimpa. Nilimtoza keki.

Nyuma ya jalada nimeandika anwani ya maabara moja ya kaskazini
inayochukua wanafunzi wakati wa kiangazi.
Barua yao ya kwanza iliniuliza ninajua nini.
Ya pili iliniuliza meza iwe na kimo gani.
Niliisoma hiyo ya pili mara nyingi,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoizoea.

Kurasa kumi na nne bado ni nyeupe.
Usiandike shukrani humo, andika milango.

Halafu hili, nilitaka kusahau:
lifti ya Kemia imepona, ila imebaki na ukaidi.
Ukitaka ghorofa ya tatu, bonyeza ya pili.
Ikisimama katikati, ipige kofi ukutani mara moja.
Si mara mbili.