Visahani Vinne

Vimekuja kwa basi kutoka Mombasa, vimeviringwa gazeti,
visahani vinne vya magurudumu, ndugu wa tumbo moja,
kila kimoja na simba wake kasimama kwa miguu ya nyuma
kana kwamba kuna mtu kamwita jina.

Hoza kavitua barazani. "Livike hili gari.
Mnunuzi wa Moshi anakuja Jumamosi.
Kizuri chajiuza."
Akaenda zake kazini, bandarini,
akaniachia kibaya.

Pijo ya baba imekaa juu ya matofali, Barabara ya Kumi na Nne,
rangi ya chai iliyozidiwa maziwa,
na miguu minne isiyojuana.

Ya mbele kulia ndiyo ya kiwandani:
vinundu vitatu vya kushikia, vidogo kama meno ya mtoto.
Nikapachika kisahani, nikakifunika kandambili,
nikapiga kandambili kwa kiganja.
Kikaingia kama kifuniko kwenye sufuria yake.
Nikajidanganya kuwa ni kazi ya asubuhi moja.

Ya mbele kushoto ilitoka shamba la mkonge, Ngomeni,
kwenye pikapu ya nyapara Mbelwa.
Baba aliilipia kwa saa yake ya mkononi,
akawa anaangalia mkono mtupu mwezi mzima.
Chuma kinene, ukingo umebonyea.
Nikakata tyubu ya baiskeli vipande vitatu,
nikavishindilia chini ya kucha,
kikashika, lakini shingo upande.

Ya nyuma kulia ni ya Datsun.
Matundu yalitobolewa upya, yaliyokuwa duara yakawa mayai,
na vinundu vinne mahali pa vitatu.
Fundi Singano alipita na baiskeli yake, hakushuka:
"Saga kimoja, mwanangu.
Hata chungu husimama kwa mafiga matatu."
Nikasaga kwa tupa mpaka unga wa chuma
ukajaa kwenye maua ya pete yangu.

Ya nyuma kushoto nikaizunguka.
Nikanywa maji.
Nikafua kitambaa ambacho hakikuwa kichafu.

Hiyo tuliifunga Muheza, usiku, mvua ya masika,
tochi ya simu nimeiuma kwa meno,
Hoza kapanda juu ya spana kwa uzito wake wote,
na baba kiti cha nyuma anatuhesabia nati:
moja. Mbili. Tatu.
Akifika tatu pumzi inakata, anaanza upya.
Rimu ya kuazima, haina kinundu hata kimoja.
Mwenyewe hakutuuliza jina wala hela.
Bombo tulifika saa tisa.
Hakuna aliyekuja kuidai,
na sisi hatukujua pa kuirudisha.

Kisahani hakina pa kuuma.
Nikipiga, kinaruka, kinabingirika mtaani
mpaka kwa muuza mihogo,
naye anakikanyaga bila kuacha kumenya.
Mara ya tatu kanirudishia pamoja na shauri:
"Si ubandike gundi?"

Sikubandika. Nikatwaa katani,
nikaisokota pajani, ikanikwaruza,
nikaipitisha tundu la rimu, nikairudisha,
nikakaza fundo lile la kufungia jogoo wa safari.

Hoza aliporudi alilizunguka gari mara mbili.
Simba wanne. Akacheka mpaka gego lenye pengo likaonekana.
"Sasa hili ni gari!"
Tukalitoa kwenye matofali, akashika usukani,
Ngamiani kuelekea Chumbageni,
watoto wanakimbia kando wakijitazama,
nyuso zao zimevimba, zinapinduka, zinarudi.

Tulipovuka reli akapunguza mwendo.
Akainamisha kichwa dirishani.
"Unasikia? Nyuma kushoto.
Kuna kitu kinagonga."

Moja. Mbili. Tatu.

"Endesha," nikamwambia.