Swali la Tisa

Dodoso limekuja kutoka chuo kikuu,
kurasa sita, pini yake ina kutu,
na swali la tisa linanitazama:
Je, somo la ujasiriamali huwasukuma wanafunzi
kuanzisha biashara zao? Weka vema.
Visanduku vitano vimejipanga
kama mabehewa matupu stesheni ya Tabora,
kutoka Nakubali sana
mpaka Sikubali kabisa.

Mwalimu wa somo ni mimi.
Miaka kumi na moja, chumba namba nne, hapa Cheyo.
Dirisha moja halifungi; kiangazi
nafundisha nimefumba jicho la kushoto.
Mtaji, soko, ushindani, hatari:
nimeyaandika ubaoni mara nyingi
hata chaki yenyewe ingeshafungua duka.

Nianze na Nzigula.
Tisini na moja kwa mia.
Mpango wake wa biashara ya asali ya Sikonge
ulikuwa na jalada la plastiki, michoro ya rangi,
mizinga mia mbili ya kisasa,
faida ya mwaka wa tatu imepigwa hadi senti.
Nilimpelekea mkuu wa chuo kwa mikono miwili.
Nyuki tu ndio hawakuwa na habari.
Kila Jumatatu Nzigula hupita Manispaa
kusoma ubao wa nafasi za kazi,
shati limenyooka, kalamu mfukoni.

Halafu Kalunde wa Isevya.
Thelathini na nane, na hapo nilimbeba.
Alisinzia kipindi cha pili, siku zote,
maana usiku alikuwa stesheni na karanga za kuchemsha
akiingoja treni ya Mpanda.
Kwenye mtihani niliuliza: Hatari katika biashara ni nini?
Akaandika: Hatari ni treni kuchelewa
na karanga zimeshapoa.
Nikamchorea mkasi mwekundu.
Kitabu kilisema vingine.

(Na mimi je?
Niliwahi kufuga kuku arobaini, kwa mkopo wa Saccos.
Kideri kikapita Kiloleni siku ya Jumanne.
Alhamisi nilikuwa darasani, nafundisha uthubutu.
Deni nimelimaliza mwaka jana.)

Juzi nikapita kwa Kalunde.
Ana kibanda sasa, nje ya stesheni,
mabenchi mawili, jiko la pumba, binti wa kumsaidia.
"Mwalimu, kuna kitu kimoja ulinifundisha," akasema.
"Madaftari mawili. La nyumbani na la kazini,
yasikutane."
Kitu kimoja, kwa mihula minne.
Nikaanza kukigawa kwa mishahara yangu,
nikaiacha hesabu njiani.

Akanifungia karanga za mia tano.
Nilipozimaliza nikakunjua karatasi:
jedwali, mstari wa bluu unapanda kulia,
Mtiririko wa Fedha, Mwaka wa Tatu,
na pembeni, mwandiko wangu mwenyewe: Safi sana!

"Umeipata wapi hii?"
"Kaniuzia Nzigula. Hiyo na madaftari yake yote,
kilo tatu na robo.
Alianzia elfu nne, tukavutana
hadi elfu mbili na mia tano.
Yule anajua kuvutana, mwalimu!
Kasema Ijumaa analeta na za wenzake,
amezunguka mabweni yote."

Saa nne usiku. Umeme umerudi.
Kalamu ninayo, visanduku ninavyo.
Nimegusa cha kwanza, nimegusa cha mwisho,
wino umeacha nukta katikati, si vema, si kosa.
Naliruka. Swali la kumi linauliza umri wangu,
hilo nalijua.

Kule stesheni honi imelia,
saa tatu nyuma ya ratiba,
nami najua, bila kufungua kitabu,
karanga ziko katika hali gani.