Anza na wa Tatu

Muzna, umeniomba nyimbo za kukufikisha Nizwa
bila kusinzia kwenye usukani.
Nakupa za wale Wajapani wawili.
Majina ya nyimbo siyajui, yameandikwa kwa vijiti na vibanda.
Mimi na mama yako tulizibatiza wenyewe,
jikoni Ghubra, mwaka ule friji ilipokufa.

Anza na wa tatu.
Wa kwanza ni wa kupimia spika,
una ngoma nyingi, hauna subira.
Wa tatu tuliuita Maji ya Mtambo,
maana babu yako alikuwa akiwaendesha wahandisi
kwenda kiwanda cha kusafisha maji ya bahari,
na mmoja wao, bwana mfupi, kuinama ndiyo salamu yake,
aliisahau kanda garini akarudi kwao.
Aliisahau, au aliiacha?
Babu yako amekufa akilibishania hilo.

Ni ndugu, wale wawili? Ni majirani?
Hatukujua. Mmoja sauti nyembamba,
uzi wa kudarizia kofia;
mwenzake anakuja chini, mzito,
kama mtu anayeshika ngazi mwingine apande.
Raya akachukua uzi. Mimi nikashika ngazi.

Wa tano uruke.
Ulikuwa ukipigwa siku talaka yangu ilipoletwa,
na mletaji akasimama mlangoni
akitikisa kichwa kufuata mdundo, maskini.
Wimbo hauna kosa. Uruke tu.

Ukifika Bidbid, milima ikianza kukubana,
weka wa saba.
Humo wanasema, wallahi nakuapia,
wanasema kwa Kiswahili: anataka.
Halafu pumzi. Halafu: hana.
Anataka, hana, hana.
Tulicheka mpaka bibi akatupiga kofi lenye povu la sabuni.
Tukamtungia huyo asiyenacho kisa kizima:
anataka nyumba, hana; anataka mume, hana;
anataka friji.
Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja
niliposikia kwamba kwao hana ni ua.
Ua! La bustanini.
Nikakaa kitako kwenye ngazi za benki, Ruwi, na bahasha zangu,
nikimwonea haya yule maskini wetu
aliyekuwa na maua muda wote.

Sasa sikiliza, hili si la kumwambia mtu.
Tangu wamtoe mama yako tezi ya shingo
wakamrudishia sauti ya nusu,
hajaimba. Miaka minne. Hata kwenye maulidi
midomo inakwenda, hakuna kinachotoka.
Na wale wawili nao wamezeeka.
Wameurekodi upya wa saba, wameushusha,
kwa sababu uzi umekwisha urefu.
Ila tega sikio ubeti wa pili:
mwenye uzi amekuja chini kabisa,
na yule wa ngazi, aliyeshika miaka yote,
ndiye anayepanda.

Ijumaa niliupiga, makusudi, mama yako akivunja ndimu kavu.
Nikajifanya natafuta sufuria.
Akaingia kwa chini, mkwaruzo mtupu,
kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani:
anataka.
Nami ikanibidi nipande, mimi niliyezoea kushika.
Nililia kama bawaba ya mlango.
Akaweka kinu chini, akaniangalia,
akasema, "Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukinisikia?"
Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi rudisha mwanzo."

Kwa hiyo wa saba ni huu mpya, si ule wa zamani.
Nimekutumia kwenye simu.
Kanda pia ichukue, ijapokuwa gari lako halina pa kuitia;
imo kwenye bati la halwa, juu ya friji,
na usiliache wazi, siafu.